TENISI YA WAWILI: ZOEZI LISILO NA SHABAHA NI JASHO LA BURE

Saa kumi jioni ikipita, malori yakaanza kupungua katika barabara za Zone Industrielle mjini Bujumbura, askari aliyemaliza zamu ya kulinda maghala huwa amebakiwa na muda wa saa mbili tu kabla giza halijaingia. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua halina subira. Basi mwenye raketi mkononi hana budi kufikiri vema jinsi atakavyoutumia muda huo mchache.

Aghalabu hautumiwi vema. Wachezaji wawili husimama kila mmoja kwenye mstari wake wa nyuma, wakapigiana mpira huku na huku mpaka jasho likawatoka, kisha wakaagana wakiamini kwamba wamefanya mazoezi. Ndugu askari, je, yuko afande atakayekupeleka kwenye uwanja wa shabaha akakuamuru ufyatue risasi hewani mpaka sanduku liishe? La, hasha! Hupewa risasi za kuhesabika, ukaonyeshwa alama, na mwishowe matundu yakahesabiwa mbele yako. Tenisi nayo yataka vivyo hivyo, hasa ile ya wawili kwa wawili.

Wala mchezo huu si mgeni kwa watu wa silaha. Walter Clopton Wingfield, aliyepata hati ya kuumiliki huko Uingereza mwaka 1874, alikuwa meja wa jeshi.

UWANJA SI KISINGIZIO

Uwanja wa wawili kwa wawili una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97. Wavu una kimo cha sentimita 91 katikati na sentimita 107 kwenye nguzo. Ua wa ghala wenye sakafu ya saruji, mwenyewe akiridhia, waweza kupimwa kwa kamba na kuchorwa kwa chaki. Ikiwa nafasi hiyo haipo, ukuta mtupu wafaa: chora mstari kwa kimo cha wavu, na juu yake uchore miraba ya kulenga.

MAZOEZI MATATU

La kwanza ni mpira wa kuanzia. Weka mkebe mtupu karibu na mstari wa katikati, pale kisanduku cha kupokelea kinapoishia. Piga mipira 20, uhesabu iliyotua hatua moja kutoka kwenye mkebe. Usitafute nguvu nyingi. Mpira unaopita katikati humnyima mpokeaji nafasi ya kuupeleka pembeni, na mwenzako aliye karibu na wavu hupata wasaa wa kuudaka kwa raketi kabla haujatua.

La pili ni kurudisha. Funga kamba juu ya wavu, kiasi cha mita moja kutoka ukingo wake. Kila mpira unaorudishwa upite kati ya wavu na kamba hiyo, tena kwa mshazari, mbali na adui aliyesimama mbele. Mpira ulio juu ni zawadi kwake. Ulio chini humlazimisha kuinama na kuunyanyua.

La tatu ni kutembea pamoja. Wawili wafungwe kamba moja viunoni, yenye urefu wa mita tatu hivi, na wa tatu awarushie mipira kwa mkono, kulia na kushoto. Mmoja akivutwa upande, mwenzake hana hiari ila kumfuata. Baada ya siku chache kamba hufunguliwa, lakini miguu huwa imekwisha jifunza kwamba pengo la katikati ndilo mlango wa adui.

Gawa saa moja hivi: dakika 10 za kupasha mwili moto, dakika 15 kwa kila zoezi, na dakika 5 za mwisho kuandika hesabu katika daftari. Leo mipira 8 kati ya 20, juma lijalo 11. Asiye na daftari hujisifu tu. Hajui kama anakwenda mbele au anarudi nyuma.

CHEO HUBAKI NJE YA MSTARI

Liko jambo moja ambalo kwetu sisi wenye vyeo mabegani ni gumu kuliko yote. Mpira ukija katikati, ni nani aupige? Wote wawili wakitumia mkono wa kulia, kwa kawaida ni yule wa upande wa kushoto, kwa kuwa ndiye mwenye pigo lake la mbele. Lakini akiwa koplo, na mwenzake kapteni, mara nyingi husita kwa heshima. Kapteni naye humngoja koplo, na mpira huanguka kati yao kama yatima.

Hapana budi koplo apaaze sauti, “Wangu!”, na kapteni ampishe bila kinyongo. Neno hilo lifanyiwe mazoezi kama pigo lolote. Bob na Mike Bryan wa Marekani, ndugu pacha, walitwaa pamoja mataji 16 ya mashindano makuu kati ya 2003 na 2014. Wao walikua pamoja tangu tumboni. Sisi tuliokutanishwa na orodha ya zamu yatupasa kuijenga imani hiyo kwa makusudi.

Na kumpisha mwenzako si unyonge. Mwaka 1996, huko Atlanta, Mrundi Vénuste Niyongabo alimwachia Dieudonné Kwizera nafasi yake katika mbio za mita 1500, yeye akaingia mita 5000, mbio asizozizoea. Alirudi na medali ya dhahabu.

Doria ya usiku nayo ni ya wawili. Anayejua bila kugeuka mwenzake amesimama wapi, huyo amejifunza jambo litakalomfaa hata baada ya raketi kutundikwa ukutani.