WAZEE WA MERU NA EMBU WALISEMA: NANI ALIYAPOKEA MANENO YAO?

Msomaji aliyepitia chuoni analijua neno isnadi. Hadithi haipokewi kwa kuwa ni tamu. Huulizwa kwanza: fulani kaipokea kwa nani, na huyo naye kaipokea kwa nani, hata mnyororo ufike kwa mwenye kusema. Kiungo kimoja kikiwa kibovu, hadithi nzima hutiliwa shaka. Mizani hiyo ya wanazuoni yafaa hata kwa mambo yasiyo ya dini, na leo twaitumia kupimia vitabu vilivyoandikwa na wataalamu juu ya wenzetu wa Meru na Embu, wakaao kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Vitabu hivyo vyatuhusu sisi watu wa Pwani kuliko wengi wetu tudhanivyo.

KISA CHA MBWAA

Wazee wa Kimeru husimulia kwamba asili yao ni mahali paitwapo Mbwaa, kisiwa kilichozungukwa na maji yaliyokuwa yakienda na kurudi. Huko walitiwa utumwani na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Mabwana wale wakawapa mitihani isiyowezekana: leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili; fueni mkuki utakaofika mbinguni. Kiongozi wao, Koomenjue, akatumia hila. Kiatu kilipatikana kwa ngozi ining'iniayo shingoni mwa ng'ombe, lakini mkuki wa kufika mbinguni haukupatikana. Ndipo wakatoroka usiku. Walipofika majini, maji yakagawanyika, nao wakavuka. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka kwa mwanga wa mchana wakaitwa Njeru, weupe. Mpaka hii leo koo za Kimeru hukumbukwa kwa rangi hizo tatu.

Mwislamu asikiapo kisa hiki, mara moja humkumbuka Nabii Musa (A.S.) na Firauni. Lakini mtu wa Lamu atasikia na jambo jingine: maji yendayo na kurudi ni kupwa na kujaa. Watu wa mlimani, walio mbali mno na bahari, walilijuaje hilo?

Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, alilishika jambo hilo kwa nguvu. Katika vitabu vyake vya mwaka 1982 na 1993 alikubali kwamba Wameru walitoka pwani, akakielekezea kidole Kisiwa cha Manda. Kabla yake, J. Forbes Munro alikuwa ameitilia shaka asili hiyo ya pwani katika makala aliyochapisha mwaka 1967. Wako pia wanaouliza kama bahari iliyogawanyika haikutoka kwa wamishenari walioingia Meru mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1992 Alfred M'Imanyara alilirudia suala zima la asili ya Wabantu na historia ya Wameru. Mjadala haujaisha.

VITABU VILIVYOTANGULIZA MATANGA

Sasa tuwatazame wapokezi wenyewe. Mmoja wa mwanzo alikuwa Orde Browne, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliyeandika juu ya Wachuka, Waembu, Wambeere na Watharaka. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1925, na jina alilokipa maana yake ni makabila ya Kenya yanayotoweka. Karne nzima imepita, na hakuna lililotoweka. Watu wale wapo, wanalima, wanasomesha watoto, na lugha zao zasikika sokoni.

Mwaka 1959 padri Mwitaliani wa shirika la Consolata, Bernardo Bernardi, alitoa kitabu juu ya Mugwe, kiongozi wa Wameru ambaye kazi yake kuu ilikuwa kuwabariki watu wake. Ni kitabu cha maana sana, kwani bila yeye mengi yangepotea. Lakini naye alikipa jina la matanga: Mugwe, nabii anayeshindwa. Kilipotolewa tena Nairobi mwaka 1989, kilikuwa na jina jingine: Mugwe, nabii wa baraka. Mtu yule yule na desturi ile ile, ila kilichokuwa kushindwa kimekuwa baraka. Ilichukua miaka thelathini neno moja kurekebishwa, na katika miaka hiyo wanafunzi wangapi walisoma kwamba Mugwe ni mtu wa kushindwa?

Liko na jambo la mkono wa kushoto. Bernardi aliandika kwamba mkono wa kushoto wa Mugwe ulikuwa na utakatifu wake. Ulifichwa, haukutazamwa, na ndio uliobariki. Kwetu sisi mkono wa kula na wa kusalimia ni wa kulia, na wa kushoto una kazi zake. Mwaka 1960 Rodney Needham wa Oxford aliuandikia mkono huo makala iliyopata sifa kubwa. Alipanga kulia na kushoto, mume na mke, utawala na dini, akasema mambo hayo yamepangwa mawili mawili katika fikira za Wameru. Makala ile imesomwa na wanafunzi wa ulimwengu mzima. Ila tukiuliza swali la chuoni, Needham aliyapokea maneno hayo kwa nani? Aliyapokea kwa Bernardi na kwa maandishi ya wengine, wala hakukaa na wazee wa Meru. Akili yake ilikuwa kali, lakini mnyororo wake ulikuwa wa karatasi.

LAMBERT WA PANDE MBILI

Watu wa Pwani wapendao lugha wanalijua jina la H. E. Lambert. Ndiye aliyeandika juu ya Kivumba mwaka 1957, na juu ya Kijomvu, Kingare na Kichifundi mwaka 1958. Diwani yenye jina lake ilitoka mwaka 1971. Wasilolijua wengi ni kwamba katika miaka ya 1930 bwana huyo alikuwa mkuu wa wilaya huko Meru, na alishughulika sana na Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru. Aliyachunguza mambo yao ya ardhi na sheria kwa bidii.

Lambert alisikiliza kuliko maofisa wengi wa zama zake. Hata hivyo tusisahau kwamba muulizaji alikuwa ndiye mtawala. Mzee anayeulizwa habari za shamba na mtu awezaye kuamua shamba ni la nani, hupima kila neno. Na serikali ililitaka baraza lile liisaidie kutawala. Basi tukisoma alichoandika, tujue kilisemwa mbele ya nani.

MWANIKI NA WAZEE WA EMBU

Kwa upande wa Embu, Mhindi Satish Saberwal aliandika juu ya utawala wa jadi wa Waembu, kitabu kikatoka mwaka 1970. Lakini kazi ninayoitaja kwa mapenzi zaidi ni ya H. S. K. Mwaniki, mwanahistoria Mkenya. Mwaka 1973 alitoa historia ya Embu na Mbeere. Mwaka uliofuata akafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: alichapisha maneno ya wazee wenyewe, mahojiano kwa mahojiano, kila mzee na kauli yake. Asiyekubaliana na Mwaniki aweza kurudi kwa mzee aliyesema akapima upya. Hiyo ndiyo isnadi. Wazee waliohojiwa wengi walikuwa watu wazima sana, na wameshatangulia mbele ya haki, lakini shahada yao imebaki.

DENI LETU

Leo kuna Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, vyote vilivyopata hati mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu kilichoipata mwaka 2016. Utafiti sasa waweza kufanywa na wajukuu wa walioulizwa. Lakini vitabu nilivyovitaja ni vya Kiingereza. Mjukuu wa Koomenjue na mjukuu wa mzee wa Siu hawawezi kuzungumza juu ya Mbwaa mpaka wakutane katika lugha ya mtu wa tatu, ilhali Kiswahili wanacho wote wawili.

Nasi watu wa Pwani tunadaiwa jawabu. Wenzetu wamesimulia kwamba walitiwa utumwani kisiwani, na mtaalamu ametaja Manda, penye magofu ya Takwa. Hao wenye nguo nyekundu walikuwa nani? Je, katika masimulizi ya Pate, Siu na Shela limo neno lolote juu ya watu waliotoroka usiku wakavuka maji yalipokupwa? Habari yaweza kuwa chungu kwetu. Yaweza pia kuwa si kweli. Lakini kesi haihukumiwi kwa kusikiliza upande mmoja, na kunyamaza si utetezi.

Wako bado wazee visiwani wanaokumbuka waliyoambiwa na babu zao. Kijana mwenye daftari na awaendee sasa, aandike jina la msemaji, mji wake, na aliyemsimulia. Akishindwa kukiandika kitabu, ayaandike maneno tu kama yalivyosemwa. Mwaniki alifanya hivyo Embu, na haikumhitaji mtu wa kutoka ng'ambo.