Kamba ya mkonge mguuni mwa kuku mgeni

Jua likishuka kwenye mashamba ya mkonge, hapa Ngombezi kuku hurudi wenyewe. Hakuna anayewaita. Anatangulia Kanga, mtetea mwenye madoa ya kijivu, anafuata Kishingo ambaye shingo yake haina unyoya hata mmoja, kisha wanakuja weusi wawili waliofanana hivi kwamba wote nawaita Pacha. Husimama kidogo mlangoni mwa banda, wakageuza vichwa kulitazama giza la ndani, halafu hurukia fito mmoja mmoja. Mimi nahesabu. Nikifika 14 nafunga mlango, na ndipo nami naona siku yangu imekwisha.

Miezi miwili iliyopita hesabu iliongezeka. Alikuwapo wa 15, naye hakuwa bandani. Alikuwa nyuma ya jiko, mbali na wenzake, kafungwa kwenye shina la mwarobaini kwa kamba ya mkonge, analia ule mlio mrefu wa kuku asiyejua yuko wapi. Shangazi yangu anayeishi upande wa Handeni ndiye aliyenipa: mtetea wa kuchi, miguu mirefu, shingo imesimama, macho makali. Nilivuka naye mto Pangani akiwa ndani ya tenga juu ya magoti yangu, na njia nzima nilikuwa na furaha iliyochanganyika na hofu. Kuku wa kupewa na shangazi hakataliwi. Lakini mimi ni mtu niliyewahi kuua karibu kundi zima kwa kuku wawili wageni, na hilo nitalieleza.

Kwanza niseme jambo ambalo wanaume wengi wa huku hawalisemi mbele za watu: nawapenda kuku wangu. Sikulelewa hivyo. Nyumbani kwetu kuku alikuwa akiba. Daftari za shule zikihitajika, jogoo anakwenda sokoni. Mgeni akibisha hodi, watoto tunatumwa kumkimbiza mmoja uani. Hakuna aliyewapa majina, na mama alitukataza kabisa, kwa kuwa aliyepewa jina hachinjiki. Mama alisema kweli. Niliporudi kuishi hapa nikajenga banda langu, nilianza kusema "yule mwenye madoa ya kanga" ili tu nielewane na mke wangu, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa Kanga, na Kanga hachinjwi.

Ukikaa nao utaona mengi. Kanga akimwona mwewe angani hutoa mlio mwembamba, na kundi zima huganda au kukimbilia chini ya mgomba. Akiona nguchiro kwenye majani, mlio ni mwingine, wa kukatakata, na wote huinua shingo kutafuta adui yuko wapi. Wataalamu wa tabia za wanyama wamelichunguza jambo hili na kulithibitisha: kuku ana onyo la adui wa juu na onyo la adui wa chini, na wenzake wanayaelewa yote mawili. Mimi sasa nayaelewa pia. Nikiwa ndani nakunywa chai nikausikia ule mlio mwembamba, natoka nje nimekodoa macho angani kama mmoja wao.

Akija mgeni wa heshima, siku hizi nanunua kuku kwa jirani. Najua huyo wa jirani naye ana macho na ana sauti zake, na sijapata jibu la kuniridhisha. Naishi hivyo hivyo.

Sasa nieleze nilivyowapoteza. Ilikuwa Oktoba, miaka minne iliyopita, joto limeshaanza na vuli haijanyesha. Nilikuwa na kuku 22. Nikaenda gulioni, nikaona mitetea miwili mizuri, bei imeshuka. Bei kushuka ghafla mwezi kama ule ilipaswa kunishtua, maana mfugaji anayeona dalili za ugonjwa kwake hukimbilia kuuza. Mimi nikafurahi. Jioni ile ile nikawaingiza bandani pamoja na wengine.

Siku ya nne mmoja wa wageni alizubaa, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani. Siku ya sita walikuwa saba. Wengine walikoroma, wengine shingo zilipinda nyuma mpaka kichwa kikatazama mgongo, wakawa wanazunguka mahali pamoja. Nilikamua shubiri ndani ya maji yao, nikatwanga pilipili, nikachemsha majani ya mwarobaini. Hakuna kilichosaidia, kwa sababu kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, ni ugonjwa wa virusi usio na tiba, na kikiingia kwenye kundi lisilochanjwa kinaweza kulimaliza karibu lote. Siku ya tisa nilibaki na watatu: Kanga, Kishingo, na pora mmoja ambaye leo ndiye jogoo wangu. Niliwafukia wengine nyuma ya choo, shimo refu, na chokaa juu.

Mtu akifiwa na ng'ombe majirani hujaa uani. Kuku wakifa, huulizwa kama nyama ililiwa. Mama mmoja wa nyumba ya pili, ambaye naye alipoteza karibu wote kwa ugonjwa uliotoka kwangu, alikuja na kigoda chake akakaa kando yangu. "Pole, baba," akasema. "Hao walikuwa watu wako." Sikuwa na neno la kumjibu. Nilikuwa nimemwulia kuku wake, naye ndiye aliyekuja kunipa pole.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye: kinga ilikuwapo, tena ya bei ndogo. Chanjo ya I-2 ilitokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliotafuta kirusi kipole kisichoharibika upesi kwa joto, kwa ajili ya vijiji visivyo na jokofu. Hapa nchini hutengenezwa Kibaha, kwenye Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Tone moja katika jicho moja la kila kuku, awe jogoo au kifaranga, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Kustahimili joto hakuna maana ya kuiacha juani. Tunaifunga kwa kitambaa chenye unyevu na kuiweka kivulini. Tatizo lake kwa mtu kama mimi ni kwamba chupa moja inatosha kuku wengi mno kuliko wa kaya moja, na ikishachanganywa haikai. Kwa hiyo nyumba kumi za mtaani kwetu tunachanga. Yule mama wa kigoda ndiye anayetunza hesabu ya tarehe, na asubuhi ya chanjo anapita nyumba kwa nyumba kabla kuku hawajafunguliwa. Tangu tuanze hatujazika kundi.

Narudi kwa mtetea wa kuchi. Mama yangu, ambaye sasa ni mzee na anakaa nasi, alimkuta chini ya mwarobaini akasema tu, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote, hutajwa mtu mpya anapoonekana wazi kuwa ni mpya. Safari hii nilikuwa na kamba yenyewe mkononi. Wazee hawakuitunga hewani. Kuku aliyehamishwa asipofungwa hutoka mbio kutafuta kwao, akaishia barabarani au kinywani mwa kicheche. Kamba humweka mahali pamoja mpaka macho yake yazoee paa jipya na miguu ijue chakula kinapatikana wapi.

Babu yangu mzaa baba naye alifika huku na kamba yake. Alitoka Songea miaka ya 1950, kaandikishwa na ile ofisi ya vibarua wa mkonge iliyoanza 1944, ambayo watu waliiita Silabu. Walipewa namba, wakaitwa manamba, na kila mmoja alikuwa na kipande cha kuhesabia siku 30 za kazi. Wenyeji waliwajua kwa mbali. Hata mkonge wenyewe ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na kati ya miche yote ni 62 tu iliyofika Pangani ikiwa hai. Kwa hiyo nilipomtazama yule mtetea na kamba yake ya mkonge, nikamwita Manamba. Mama alicheka, kisha akanyamaza, akasema babu angelipenda jina hilo.

Na kuku naye, tukienda mbali zaidi, si wa bara hili. Asili yake ni kuku wa msituni wa kusini mashariki mwa Asia. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya kuku Unguja Ukuu, kwenye mji wa biashara wa karne za 7 na 8. Kuchi ana safari yake peke yake: uchunguzi wa vinasaba umeonyesha undugu kati ya kuchi wa Tanzania na kuku wa kupiganisha wa Asia ya mashariki, wakiwamo shamo wa Japani. Ukimtazama Manamba alivyosimama wima, kifua mbele, unaamini.

Alikaa peke yake siku 21, baada ya siku chache za kamba akiwa ndani ya kibanda kidogo nilichomtengenezea kwa fito. Nilimchanja mapema, kwa kuwa kinga huhitaji kama wiki mbili kujijenga. Nikampekua chini ya mabawa kutafuta utitiri, nikampa dawa ya minyoo. Kila asubuhi nililisha kundi kwanza, mgeni mwisho, nikanawa mikono, na ndala za kwenda kwake niliziacha huko huko. Mke wangu aliona nazidisha. Mtu aliyezika kuku 21 ana haki ya kuzidisha.

Baada ya hapo nilimrudisha ndani ya tenga, nikaliweka katikati ya ua, waonane bila kugusana. Hapo ndipo nilipomkumbuka Thorleif Schjelderup-Ebbe, Mnorwei aliyezaliwa 1894, ambaye tangu utotoni alikuwa akiwatazama kuku wa kwao na kuandika ni yupi kamdonoa yupi. Mwaka 1922 alichapisha alichokiona: kuku wana ngazi ya heshima, kila mmoja anajua nani anaruhusiwa kumdonoa na nani hathubutu. Dunia nzima ya sayansi ya tabia za wanyama ilianza kuzungumzia ngazi za namna hiyo kwa sababu ya mtoto aliyewapenda kuku wa uani kwao. Nikisoma habari zake najisikia sina upweke.

Kundi langu nalijua ngazi yake. Juu kabisa ni Kanga, chini yake Kishingo, wa mwisho ni mtetea mweupe anayekula baada ya wote kushiba. Kuku hutambuana hasa kwa kichwa na shingo, kwa umbo na rangi ya kilemba, na hata mwenyeji aliyetengwa wiki kadhaa akirudi hupokewa kama mgeni. Siku ya tano ya tenga nilisubiri giza, nikamchukua Manamba na kumweka kwenye fito katikati ya Pacha wawili. Gizani kuku hawagombani. Alfajiri nikawa mlangoni kabla ya adhana.

Nilidhani kuchi, kwa damu yake ya mapigano, angewashinda wote. Kanga alimfuata uani nusu saa nzima. Kila Manamba alipoinamisha kichwa kwenye pumba, Kanga yupo. Nilikuwa nimetandaza sinia tatu mbalimbali na kuegesha mabanzi ukutani ili mnyonge apate pa kujificha, na bila hayo asingekula. Siku ya pili kilemba chake kilitoka damu, na damu huwavuta kuku wengine wadonoe, basi nikampaka dawa ya GV mpaka kichwa kikawa zambarau. Ingekuwa heri kuwaleta wageni wawili kwa pamoja, wagawane vipigo. Mgeni mmoja hubeba yote. Nilitamani kuingilia kati. Nilikaa kwenye jiwe nikafumba mikono, kwa kuwa ngazi isipopangwa leo itapangwa kesho, na kwa ukali zaidi.

Siku ya tisa Kanga alimsogelea, Manamba akainamisha shingo ile ndefu na kupisha hatua mbili, na Kanga akaendelea kula. Yakaisha. Mtetea mweupe, ambaye miaka yote alikuwa wa mwisho, siku hiyo alimdonoa mtu kwa mara ya kwanza.

Nilimhitaji Manamba kwa sababu nyingine pia. Jogoo wangu ni yule pora aliyenusurika, na mitetea mingi uani ni binti zake. Damu ikizunguka mahali pamoja vifaranga hudhoofika. Rafiki zangu wananishauri nilete Sasso wa Ufaransa au Kuroiler wa India, wanaokua haraka na kutaga sana. Sina ubaya nao, ila wengi wao hawaatamii, nami napenda kuona kuku akilea.

Wiki iliyopita Kanga alianza kuatamia. Nilisogeza kidogo bawa lake nipate kuhesabu: mayai 11. Manane ni yake, meupe, ya duara. Matatu ni marefu, ya rangi ya chai ya maziwa, na hakuna mwingine uani atagaye hivyo. Manamba alikuwa ametaga kwenye kiota cha Kanga, na Kanga ameyakusanya yote chini ya kifua. Nimeyawekea alama ya penseli haya matatu na kuandika tarehe ukutani. Zimebaki siku 14. Jioni sasa nahesabu 14 kwenye fito na mmoja kiotani.