Bei ya Dizeli Tunaijua, ya Fundi wa Dizeli Nani Anaihesabu?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, wenye malori huwa wa kwanza kuuliza dizeli imesimamia wapi. Ikipanda shilingi 50, nauli ya mzigo inajadiliwa upya siku hiyo hiyo. Ni jambo la busara. Lakini wengi wa wafanyabiashara hao hao, gari likianza kutoa moshi njiani, hulikabidhi kwa fundi wa kwanza anayeonekana na spana mkononi, bila kumwuliza amejifunzia wapi kazi hiyo.

Tupige hesabu kidogo. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Tuseme lori lenye mzigo linakula lita moja kwa kila kilomita mbili, yaani lita 450 kwenda peke yake. Nozeli zikiwa zimechoka na ulaji ukaongezeka kwa asilimia 10, hizo ni lita 45 zaidi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,800 kwa lita, tajiri amepoteza shilingi 126,000 kabla gari halijageuza. Safari mbili kwa mwezi ni shilingi 252,000, na kwa mwaka inazidi shilingi milioni tatu, bila kugusa safari ya kurudi. Hasara hiyo haionekani kwenye risiti yoyote. Dereva atalaumiwa kuwa anauza mafuta, pengine kwa haki na pengine kwa kuonewa.

Moshi wenyewe ni lugha. Mweusi maana yake mafuta yameingia mengi kuliko hewa, na kisa kinaweza kuwa filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi, nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza, au turbo iliyochoka. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe ni mafuta ambayo hayakuwaka, kwa kuwa mgandamizo umepungua au majira ya pampu yamechelewa. Ama ni maji yanayopenya kwenye gasketi ya silinda hedi. Ukitazama utaona kila rangi ina visababishi zaidi ya kimoja, na hapo ndipo fedha za mwenye gari zinapopotelea. Fundi wa gereji bubu akiona moshi wa bluu anafungua injini na kuagiza ringi mpya, kumbe sili ya turbo ndiyo iliyokuwa ikivujisha oili. Gari linakaa siku kumi, ringi zinanunuliwa Gerezani, injini inafungwa, na moshi bado uko pale pale.

Hatusemi mafundi wa chini ya mwembe hawafai. Wengi wao wana mkono mzuri, na nchi hii imebebwa na watu hao kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba injini imebadilika. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hewa hugandamizwa mpaka ikawa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yanaponyunyizwa. Kanuni hiyo ni ile ile ya Rudolf Diesel, aliyefanikiwa kuitengeneza mwaka 1897. Kilichobadilika ni namna ya kunyunyiza. Kampuni ya Denso ya Japani ilianza kuuza mfumo wa komoni reli kwa ajili ya malori mwaka 1995, na leo karibu kila lori la kisasa linaloshushwa bandarini lina mfumo wa namna hiyo. Kompyuta inaamua mafuta yaingie lini na kiasi gani, na msukumo ndani ya bomba unaweza kupita bar 1,600. Tairi la lori hujazwa kiasi cha bar 8.

Sasa mfikirie fundi wa zamani. Injini ikikosa silinda moja, alilegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine huku injini ikinguruma, akasikiliza ni ipi haibadilishi mlio. Ilikuwa njia safi kabisa kwa pampu za zamani. Akifanya hivyo kwenye komoni reli, mafuta yanayotoka kwa msukumo ule yanaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake ni la kupelekwa chumba cha upasuaji hata kama linaonekana kama tundu la sindano. Mambo haya mtu hayaoni kwa macho tu. Lazima afundishwe.

Vivyo hivyo kuhusu mafuta. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimeingia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, jambo lililofungua mlango kwa injini za kisasa zaidi. Lakini dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni adui mkubwa wa pampu, kwa sababu dizeli ndiyo inayolainisha vyuma vya ndani na mafuta ya taa hayana uwezo huo wa kutosha. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuua faida ya uchakachuaji. Fundi aliyesoma akikuta pampu imekwaruzika, hakimbilii kuuza pampu nyingine. Anatazama tangi na filta kwanza, kisha anauliza gari lilijaza wapi.

Mafundi wa namna hiyo wanapatikana wapi? Mamlaka ya VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyuo vyake, kikiwamo cha Chang'ombe jijini Dar es Salaam, hufundisha ufundi wa magari kwa ngazi tatu za tuzo ya taifa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinapokea wanaotaka kwenda juu zaidi. Kuna pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo watu wa mjini huvisahau. Vilianzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na viko 54 vya serikali, vingi vikiwa wilayani. Vingi kati ya hivyo hufundisha magari, na kijana anaweza kusoma karibu na kwao pasipo kupanga chumba mjini. Kwa mwenye trekta au mashine ya kusaga huko wilayani, fundi wa aina hii ana thamani kuliko mwenye vyeti vikubwa aliyeko Dar es Salaam.

Fundi aliyekwisha kufanya kazi miaka kumi bila cheti naye hakuachwa nje. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi hupimwa kwa kazi anayoijua, hufundishwa pale alipopungukiwa, na hupewa cheti. Kwa maoni ya safu hii, hapo ndipo mwenye magari mawili au matatu angeanzia. Mtu huyo tayari anayajua magari yako, na anahitaji miezi michache ya umeme wa magari na kupima kwa kompyuta kuliko miaka mitatu ya kuanza upya.

Hofu ya matajiri inajulikana: nimsomeshe, kisha aende kwa jirani. Hutokea. Lakini wengi wanaolalamika hivyo hawakuandikiana chochote, na kijana aliporudi na cheti alikuta mshahara ni ule ule wa alipokuwa akiosha vyuma kwa petroli. Mkataba wa maandishi, wenye muda wa kutumikia baada ya masomo na kiwango kipya cha malipo, unapunguza hofu hiyo. Mwajiri mwenye watu 10 au zaidi tayari analipia mafunzo apende asipende, kupitia tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Anayelipa tozo hiyo kila mwezi na hana hata kijana mmoja chuoni anawasomeshea wenzake.

Kuna wawekezaji wadogo wanaotaka kufungua karakana ya kupima pampu na nozeli, na biashara hiyo ina wateja: malori, jenereta, boti za uvuvi, mitambo ya barabara. Hata reli ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 haitayaondoa hayo yote. Ila wengi huanza kwa kununua mashine ya kupimia, halafu ndipo watafute wa kuiendesha. Mashine bila mtu ni chuma ghali kinachokula kodi ya chumba. Apatikane mtu kwanza, hata akiwa bado yuko mwaka wa pili, na yeye ndiye afuatane nawe kuichagua.

Anayekwenda kuulizia chuo asiishie ofisini kwa mhasibu. Aombe kuingia karakana, ahesabu injini zinazowaka na wanafunzi wanaogawana kila moja, kwani injini iliyokatwa kwa maonyesho haifundishi kusikiliza mlio. Aulize mafunzo ya vitendo kazini hufanyika gereji gani na kwa muda gani. Na aulize kama kuna japo injini moja ya komoni reli na kompyuta ya kuipimia. Kama haipo, mwanafunzi atatoka akijua injini za baba yake.