Udongo wa Kawana katika mahindi ya Mbozi

Katika ukanda wa mahindi na kahawa unaoizunguka Mbozi Mission, mkoani Songwe, kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Tanzania mwaka 2017, hujificha ndani ya moyo wa mhindi, mahali ambapo dawa iliyopulizwa juu juu haimfikii. Miongoni mwa viuatilifu vinavyotumika nchini dhidi yake ni emamektini benzoeti, jina ambalo mnunuzi hulisoma kwenye kibandiko bila kuuliza asili yake, ilhali kiini cha sumu hiyo hakikubuniwa na mwanakemia, bali hutolewa na bakteria wa udongoni, na kiwanda hukibadili kidogo tu.

Satoshi Ōmura, mtoto wa wakulima wa Yamanashi nchini Japani aliyewahi kufundisha shule ya jioni, alizoea kutembea na vifuko vya plastiki ndani ya pochi yake ili popote apitapo achote udongo kidogo. Udongo uliochotwa karibu na uwanja wa gofu huko Kawana, katika mji wa Ito, ulimpatia bakteria wa jamii ya Streptomyces, ambaye miaka ya 1970 alipelekwa Marekani kwa kampuni ya Merck, ambako William Campbell na wenzake walibaini kuwa dutu aliyoitoa, iliyoitwa avermektini, iliwaponya panya wenye minyoo. Ōmura amesisitiza kwamba, pamoja na utafutaji wa miaka mingi duniani, bakteria huyo wa Japani amebaki chanzo pekee cha dutu hiyo; na alipotunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, alisema kuwa amejifunza mengi kwa vijidudu hata angependa tuzo wapewe wao. Ni unyenyekevu, lakini ni ukweli pia.

Kutokana na avermektini, ambayo ndiyo kiini cha emamektini, ilipatikana pia ivermektini, dawa ya usubi, ugonjwa unaopofusha, iliyogawiwa vijijini hata huko Tukuyu, si mbali na Mbozi. Hivyo bakteria mmoja analinda macho ya watu upande mmoja na mahindi upande mwingine. Kiwavi akila jani lenye emamektini, mishipa yake ya fahamu hupooza, huacha kula baada ya saa chache, na hufa ndani ya siku kadhaa. Mabaki ya juu ya jani huvunjwa na jua, ingawa nyuki anayeguswa na dawa mbichi hufa, ndiyo maana ni heri kupuliza jioni.

Je, bakteria huyo anaunda sumu hii kwa faida gani yake mwenyewe? Na nani atauchota udongo wa Mbozi kwa subira ile ile?

Majibu yakisubiriwa, mkulima azingatie jambo moja: abamektini, kiuatilifu kingine kitokanacho na avermektini, na emamektini ni za kundi moja la utendaji, kwa hiyo anayeacha moja na kushika nyingine hajabadilisha dawa, na usugu wa wadudu unaendelea kujengeka. Asome namba ya kundi kwenye kibandiko, si jina la biashara.