Matumbawe Hai Darasani: Tumlinde Mtoto, Tuulinde Mwamba

Katika Wilaya ya Mafia, mtoto hulelewa kando ya matumbawe. Si ajabu, basi, mwalimu wa sayansi kutamani kuyaleta darasani yakiwa hai ndani ya ndoo. Nia ni njema, lakini wazazi na walimu wanapaswa kufahamu hatari zake.

Kwa nini yana hatari?

Tumbawe si jiwe wala mmea. Ni kundi la wanyama wadogo sana wenye chembe za kuchoma, ambazo huzitumia kunasa chakula. Matumbawe mengi hayaumizi ngozi ya mtu, ila yapo ya rangi ya kahawia au manjano yanayobabua mithili ya moto. Aidha, baadhi ya jamaa zao laini, wenye umbo la vifungo au maua madogo, wana sumu kali inayoweza kudhuru ikiingia machoni au kwenye jeraha. Kuwachemsha ni hatari zaidi, kwa kuwa mvuke wake huweza kubeba sumu hiyo.

Kiunzi cha tumbawe nacho ni kikali. Mkwaruzo mdogo huweza kuacha vipande ndani ya ngozi, kidonda kikatunga usaha na kuchelewa kupona.

Mtoto akiumia

Jeraha lisafishwe kwa maji safi na sabuni, na vipande viondolewe. Aliyebabuliwa asuuzwe kwa maji ya bahari, kisha siki, asisuguliwe. Sumu ikigusa jicho, lioshwe kwa maji safi mengi. Apelekwe kituo cha afya bila kukawia iwapo jicho limeguswa, au akipata uvimbe, homa au shida ya kupumua.

Hasara kwa mwamba

Ndani ya ndoo maji hupata joto na hewa hupungua. Tumbawe huweza kufa kabla ya siku kuisha. Tumbawe la mviringo hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka, hivyo kinachovunjwa kwa dakika moja huenda kilihitaji miaka 10. Wakazi wanakumbuka mwaka 1998, joto la bahari lilipopausha na kuua matumbawe mengi. Mwamba huo ndio mazalia ya samaki wetu. Isitoshe, Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, inalindwa kisheria. Kung'oa matumbawe humo bila kibali ni kosa.

Njia iliyo salama

Somo lifuate mwamba, si mwamba kulifuata somo. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, wanafunzi wavae viatu, waandamane na mwalimu na mvuvi mzoefu, watazame pasipo kugusa wala kukanyaga matumbawe, na warejee kabla maji hayajaanza kujaa. Darasani zitumike picha, au kiunzi kikavu kilichokwisha kuwapo shuleni.

Mzazi, mtoto akikuambia ametumwa kuleta tumbawe, zungumza kwanza na mwalimu wake.