Waliorithi kimya: watoto wa wahanga wa 2008 Kisii na Nyamira

Matokeo ya uchaguzi wa urais wa Kenya yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, moto ulikuwa umeshaanza kuwaka Bonde la Ufa. Abagusii waliokuwa wakichuma chai Kericho, wakilima Nandi au kufanya biashara Eldoret na Nakuru walirudi Kisii na Nyamira kwa malori, kwa mabasi na hata kwa miguu. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia hizo, na mamia ya maelfu walihama makwao. Wengi wa waliorudi Gusii hawakupiga hema. Walipokelewa na kaka, shangazi na wakwe, wakapewa chumba, wakaanza upya. Kwa kuwa hawakuonekana kambini, ilikuwa rahisi kudhani kwamba hawapo. Watoto wao walionekana kwa nadra zaidi: waliofika wakiwa mgongoni, na waliozaliwa baadaye katika nyumba ambazo neno “Kericho” huzima mazungumzo. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba watoto hao wamerithi jambo zito, kwamba urithi huo hupita hasa katika kimya, na kwamba kinachopita katika kimya kinaweza kuzuiwa kwa maneno.

Tajiriba iliyochunguzwa zaidi kuhusu suala hili inatoka mbali. Baada ya utawala wa Hitler kuua Wayahudi milioni sita, walionusurika walitawanyika Israeli, Marekani na Kanada, wakaoa na kuzaa. Mwaka 1966 daktari wa akili Vivian Rakoff wa Montreal aliandika kuhusu vijana walioletwa kutibiwa, ambao wao wenyewe hawakuwahi kuona kambi za mauaji lakini walibeba mzigo wa wazazi waliozipitia. Mwaka 1979 Helen Epstein, mwandishi aliyezaliwa na wazazi wa aina hiyo, alitoa kitabu baada ya kuwahoji wenzake katika nchi kadhaa. Yalijitokeza mambo yanayofanana: hofu isiyo na maelezo, mtoto anayejiona ana deni la kufanikiwa kwa niaba ya waliokufa, na mtoto aliyepewa jina la jamaa aliyeuawa bila kuambiwa aliuawaje. Hilo la mwisho litamgusa msomaji wa Gusii, ambako pia ni desturi kumpa mtoto jina la marehemu. Jina ni heshima, lakini likikosa kisa chake linageuka fumbo ambalo mtoto hulibeba shuleni, kanisani na sokoni.

Kuna atakayesema kulinganisha huku ni kukosa adabu: dola lililojenga tanuri za kuchomea watu si sawa na ghasia za miezi miwili. Ni kweli kabisa, na hakuna anayepima uhalifu mmoja kwa mwingine hapa. Kinacholinganishwa ni nafasi ya mtoto mezani, mbele ya mzazi anayejua jambo ambalo mtoto hajui. Pingamizi la pili lina uzito zaidi, kwa sababu linatoka kwa wanasayansi. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi na Israeli walikusanya tafiti zenye makundi 32 na watu zaidi ya 4,400. Waligundua kwamba watoto wa manusura waliochukuliwa kutoka jamii kwa ujumla, si wale waliokuwa tayari wakitafuta matibabu, hawakuwa na matatizo ya akili zaidi ya watu wengine. Miaka zaidi ya kumi baadaye, kundi la Rachel Yehuda huko New York lilidai kuona alama za mateso ya wazazi katika chembe za urithi za watoto, lakini walipima familia chache, na wataalamu wengi wanahimiza tahadhari. Habari hii ni njema. Mtoto wa mhanga hazaliwi mgonjwa, na hakuna laana ya damu. Kama jeraha linapita, basi linapitia katika maisha ya nyumbani, mahali ambapo binadamu ana uwezo wa kubadilisha kitu.

Katika maisha ya nyumbani ya Gusii kuna kitu kiitwacho chinsoni. Ni kanuni ya haya na heshima kati ya vizazi viwili vinavyofuatana: baba na mwana, mama na binti hawazungumzii mambo ya mwili, na kila mmoja humwepusha mwenzake na aibu. Kanuni hiyo imelinda hadhi ya familia kwa muda mrefu. Lakini ripoti ya Waki inaeleza wazi kwamba mwaka 2008 wanawake walibakwa na wanaume walidhalilishwa mbele ya jamaa zao. Mama aliyepitia hayo atamwelezaje bintiye, na kwa maneno gani, bila kuvunja chinsoni? Hivyo hunyamaza, na kimya chake si ubaridi bali ni adabu aliyolelewa nayo. Mtoto naye, kwa adabu hiyohiyo, haulizi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mila iliyofunga mlango kati ya mzazi na mtoto imeacha mwingine wazi. Kati ya babu au bibi na mjukuu chinsoni hulegea, na utani na maswali huruhusiwa. Magokoro, yaani bibi, anaweza kumwambia mjukuu kile ambacho mama hawezi. Mhudumu wa afya, mchungaji au mwalimu anayetaka kusaidia familia hizi hana haja ya kuleta mila mpya. Aanzie kwa bibi.

Je, kusimulia hakutachochea kisasi? Swali hili huulizwa sana mpakani mwa Borabu na Sotik, ambako nyumba ziliungua pande zote mbili na soko la Chebilat likageuka uwanja wa vita. Lakini mtoto asiyeambiwa kitu nyumbani hakai bila habari. Huipata katika mikutano ya siasa, ambako inapunguzwa mpaka inabaki “sisi” na “wao”. Mzazi aliyeyapitia huwa na habari pana zaidi, na mara nyingi ndani yake yumo jirani wa kabila lingine aliyemficha. Israeli yenyewe ilijifunza hivyo. Kwa miaka mingi manusura walinyamaza, mpaka kesi ya Adolf Eichmann huko Jerusalem mwaka 1961 ilipowapandisha kizimbani mmoja baada ya mwingine kama mashahidi, na nchi nzima ikawasikiliza redioni. Hapo ndipo nyumba nyingi zilipoanza kusema. Kenya haikupata siku kama hiyo. Kesi za ghasia hizo huko The Hague ziliporomoka kati ya 2014 na 2016 bila mtu yeyote kuhukumiwa kwa mauaji yale, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokusanya taarifa za wananchi zaidi ya 40,000 na kukabidhiwa kwa Rais Mei 2013, haijatekelezwa kwa sehemu kubwa. Mahakama isiposema, mzigo wote wa kusema unabaki jikoni.

Wapo watakaosema kwamba watu hawa wanahitaji shamba, si hadithi. Hoja hiyo ina haki yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 957 kwa kila kilomita mraba Kisii, na 675 Nyamira. Aliyerudi akiwa na mikono mitupu alirudi kwenye kipande cha ardhi kilichokuwa kimeshagawanywa. Serikali ilipoanza kutoa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba, waliokaa kwa jamaa walilalamika kwa miaka kwamba wamesahaulika. Hata hivyo, fidia na simulizi haziwezi kutenganishwa. Mtoto asiyejua kwamba familia yake ilifukuzwa ataamini baba yake alikuwa mvivu, na ataona aibu mahali anapopaswa kudai haki. Anayejua kisa anaweza kudai. Asiyejua atanyamaza, na urithi utaendelea.

Mtoto aliyezaliwa mwaka 2008 anafikisha miaka 18 mwaka 2026. Uchaguzi wa Agosti 2027 utakuwa wa kwanza kwake kupiga kura, na kila kampeni inapokaribia, wengi wa kizazi cha wazazi wake hukumbuka barabara ya kurudi nyumbani. Kabla wanasiasa hawajamfikia, afikiwe na wa nyumbani kwake: bibi kwanza, kisha mzazi kwa kiasi anachoweza. Aambiwe kilichotokea, nani alikufa, nani aliwaficha, na kwa nini ana jina hilo.