Kuvuka Bahari kwa Ajili ya Jicho

Katika silaha zote anazokabidhiwa askari, ipo moja isiyoandikwa katika daftari la ghala, nayo ni jicho lake. Bunduki ikiharibika hupelekwa kwa fundi, na buti likichakaa hutolewa jingine. Lakini jicho likiingiwa na ukungu, mwenye jicho hukaa kimya, akaficha aibu yake siku ya shabaha, mpaka siku ile mkubwa wake anapogundua kwamba haoni.

Ndugu wasomaji wa jeshi na wa polisi, leo twataka kuzungumza nanyi juu ya safari ambayo baadhi ya wenzetu huifikiria wanapofikia hali hiyo, yaani safari ya kwenda ng'ambo kubadilishiwa kioo cha jicho. Jamaa huuza ng'ombe, huuza kipande cha shamba, hukopa katika chama cha akiba, ili mmoja wao apande ndege kwenda India. Wapo wanaorudi wakiona. Wapo pia wanaorudi na giza lile lile, na deni juu yake. Tofauti baina ya wawili hao mara nyingi haitokani na bahati. Hutokana na yale waliyouliza kabla ya kuuza ng'ombe.

KIOO NA TAA

Mbele kabisa ya jicho, juu ya lile duara jeusi, pana utando angavu uitwao konea. Katikati unene wake ni kama nusu milimita tu, nao hauna mishipa ya damu. Ndiyo maana hupitisha mwanga. Utando huo ukiunguzwa na chokaa au maji ya betri, ukichomwa na mwiba au kipande cha chuma, au ukiliwa na vidonda, hupona kwa kufanya kovu jeupe. Wazee wetu huliita kovu hilo chamba. Kwa vijana wengine konea haifanyi kovu mwanzoni, bali hupungua unene na kuchongoka mbele, hasa kwa wale wenye macho ya kuwasha ambao huyafikicha tangu utotoni.

Konea ndiyo sehemu ya jicho ambayo madaktari hubadilisha kwa kutumia ya mtu aliyefariki. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtoto wa jicho si ugonjwa wa konea. Huo ni ukungu wa lenzi iliyo ndani, na upasuaji wake hufanywa katika nchi zetu hizi kila siku. Presha ya macho nayo huua mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho. Mshipa huo ukishakufa, hakuna konea ya India wala ya Ulaya itakayomsaidia mgonjwa, kama vile kioo kipya cha tochi kisivyoweza kuwasha balbu iliyoungua. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari wa macho wa nyumbani si bei ya safari. Swali ni hili: Je, balbu ingali hai?

Yafaa pia kuuliza kama upasuaji wenyewe ni wa lazima. Konea iliyochongoka mara nyingi husaidiwa kwa lenzi ngumu inayovaliwa juu ya jicho, na ikigunduliwa mapema huweza kuimarishwa kwa dawa na mwanga maalumu ili isiendelee kuharibika. Tena matumaini hayalingani kwa wote. Jicho lililochongoka hupokea konea mpya vizuri sana; jicho lililounguzwa vibaya na chokaa, likaotwa na mishipa ya damu, huikataa kwa urahisi zaidi.

ILIVYOANZA

Kazi hii si ngeni duniani. Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, ambao leo umo katika nchi ya Czech, daktari Eduard Zirm alimpasua kibarua mmoja aitwaye Alois Glogar, ambaye macho yake yote mawili yalikuwa yameunguzwa na chokaa. Konea zilitoka katika jicho la mvulana wa miaka 11, ambalo lililazimika kuondolewa baada ya kuingiwa na vipande vya chuma. Jicho moja la Glogar halikufaulu. La pili lilibaki angavu, naye akarudi kazini. Baadaye, katika miaka ya 1930, daktari Vladimir Filatov wa Odessa alionyesha kwamba konea za marehemu zafaa kwa kazi hiyo, na mwaka 1944 benki ya kwanza ya macho ilifunguliwa mjini New York.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Sri Lanka, nchi ambayo haikuwa tajiri. Hudson Silva, alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari, aliandika gazetini mwaka 1958 akiwaomba wananchi wenzake watoe macho yao baada ya kufa. Mama yake alipofariki mwaka 1960, yeye mwenyewe alimpandikizia mkulima maskini konea ya mama yake. Mwaka 1961 chama cha kutoa macho kikaundwa, na mwaka 1964 konea za kwanza zikapelekwa nje, mjini Singapore. Tangu wakati huo konea za Sri Lanka zimefika katika nchi zaidi ya 50. Twajifunza hapa kwamba zipo njia mbili: ama mgonjwa amfuate mtoaji, ama konea imfuate mgonjwa.

KABLA YA KUPANDA NDEGE

Kwa nini basi watu wasafiri? Kwa sababu konea ni chache. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, uliotazama hali ya mwaka 2012, ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 duniani walikuwa wakingoja konea, na kwamba kwa kila watu 70 wenye kuihitaji ilipatikana moja tu.

Mwenye kukusudia safari asikimbilie mbali kabla ya kutazama karibu. Mjini Nairobi, hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho hufanya upasuaji huu. Huko India, taasisi ya L V Prasad ya Hyderabad, iliyoanzishwa mwaka 1987, ina benki yake ya macho na madaktari waliobobea katika kazi hiyo. Popote uendapo, tuma kwanza barua ya daktari wako pamoja na picha za jicho, upate jibu la maandishi. Konea iliyohifadhiwa katika baridi hudumu kama siku 14 tu. Haikungoji rafuni kama chapa ya viatu. Kwa hiyo uliza utangoja muda gani ukishafika, kwa kuwa kila siku ya kungoja ni chakula na malazi ya watu wawili, wewe na msindikizaji wako. India hutoa viza ya matibabu kwa mgonjwa na nyingine kwa msindikizaji, na kwa mtu atokaye Uganda hutaka cheti cha homa ya manjano, ambacho huanza kuwa na nguvu siku 10 baada ya chanjo.

Jambo jingine ni la kurudi. Siku hizi daktari huweza kubadilisha tabaka la ndani tu la konea, akalishikiza kwa kiputo cha hewa au gesi. Ndege ikipaa, kiputo hicho huvimba na huweza kuliharibu jicho. Hapana budi mgonjwa akae chini mpaka aruhusiwe, hata kama likizo imekwisha. Afadhali kumwandikia kamanda barua ya kuomba siku zaidi kuliko kurudi na jicho lililopotea angani.

ASKARI NA JICHO JIPYA

Upasuaji ukimalizika, kazi ndiyo kwanza inaanza. Nyuzi zilizoshona konea ni nyembamba kuliko unywele, na huweza kukaa mwaka mzima au zaidi. Uoni hurudi polepole, na wengi huhitaji miwani. Matone ya dawa hutiwa kwa miezi mingi, nayo huweza kupandisha presha ya jicho. Kwa hiyo ni lazima awepo daktari nyumbani atakayelipima. Mwili nao huweza kuikataa konea ya mtu mwingine, hata baada ya miaka kadhaa. Dalili zake ni nne: jicho kuwa jekundu, kuchukia mwanga, kuona ukungu, na maumivu. Mwenye kuziona asingoje zamu yake iishe. Akiwahi, mara nyingi jicho huokolewa.

Jambo hili tulisema bila kulificha: jicho lililobadilishiwa konea nzima halirudii nguvu zake za asili. Pigo moja huweza kulifumua pale liliposhonwa, hata miaka mingi baadaye. Ndondi na mieleka ya mafunzo haimfai tena mwenye jicho hilo, na miwani ya kinga humpasa kazini. Lakini redio, ghala, ofisi na karakana zote zahitaji askari waaminifu. Mkubwa aliye na busara atampangia kazi inayomfaa.

Nasi tulio wazima tuna wajibu. Chokaa au maji ya betri yakiingia jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi kwa nusu saa, ndipo mtu apelekwe hospitali. Dawa za majani zisitiwe machoni kamwe.

Hatimaye, tukumbuke kwamba konea haiuzwi. Mgonjwa hulipa upasuaji na matunzo, lakini konea yenyewe ni zawadi ya marehemu asiyemjua, iliyoridhiwa na jamaa yenye msiba. Uganda ilitunga sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023, kwa hiyo hatuwezi tena kusema kwamba mlango umefungwa. Kinachotolewa ni kidogo mno, na uso wa marehemu hauharibiki. Askari ameapa kuutoa uhai wake kwa ajili ya wenzake. Kama aliweza kuapa hivyo, basi na alizungumze na mkewe na wanawe jioni moja jambo hili dogo zaidi, kwamba siku atakapofumba macho, mwingine ayafumbue. Wakipatikana wengi wa namna hiyo, mwenzetu mwenye chamba hataiuza ng'ombe yake ya mwisho ili avuke bahari.